Msaidizi wa Nyumbani Katika Mji wa Mpakani: Uchaguzi wa Familia za Tunduma na Mkoa wa Songwe

Saa za mji na saa za nyumba

Mji wa Tunduma, ulioko mpakani mwa Tanzania na Zambia, umekua kwa kasi ambayo familia nyingi za humo hazijapata nafasi ya kuifuata katika kupanga maisha yao ya ndani. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta mji ukiwa na wakazi wasiofika 100,000, ilhali ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 200,000. Na katikati ya sensa hizo mbili, mwaka 2016, Mkoa wa Songwe ulianzishwa kwa kumegwa kutoka Mbeya, makao makuu yake yakiwekwa Vwawa wilayani Mbozi. Mkoa mpya ulileta ofisi na watumishi waliohamishwa kutoka mbali, na biashara ya mpakani iliendelea kuvuta wageni, kiasi kwamba kaya nyingi za mjini leo ni za baba, mama na watoto wanaoishi mbali na bibi, shangazi na wadogo ambao zamani wangeshika nyumba pasipo mtu kuomba.

Kazi za mji huu hazifuati ratiba ya nyumba. Mfanyabiashara wa mazao, wakala wa forodha, mbadilisha fedha, mama lishe na fundi wa malori wote hutegemea msongamano wa barabara kuu iendayo Zambia na Kongo, na msongamano huo hauna saa maalumu. Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, kilichozinduliwa Oktoba 2019 ili maofisa wa nchi zote mbili wakague mzigo na abiria mahali pamoja, kilifupisha taratibu bila kufupisha siku ya anayetafuta riziki hapo. Zambia, isitoshe, iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, hivyo anayefunga hesabu Nakonde, upande wa Zambia, saa kumi na mbili jioni huvuka akakuta Tunduma ni saa moja usiku, watoto wamekwisha kurudi shuleni na chakula cha jioni kilitakiwa kuwa jikoni.

Katika mazingira hayo, kumpata msaidizi wa kazi za nyumbani, yaani mtu anayefanya kazi ndani ya kaya ya mwingine au kwa ajili yake kwa makubaliano ya ajira, huonekana kuwa jambo la lazima kwa familia ambazo wazazi wote wawili wanatoka. Uchambuzi huu unashikilia kwamba makosa mengi katika jambo hilo huanzia kwenye mpangilio wa maswali: familia huuliza itampata wapi msichana wa kazi kabla haijajua ni saa zipi na kazi zipi zinazokosa mtu, kisha hujikuta imempa binti mmoja wa kijijini majukumu ya watu watatu kwa ujira wa nusu mtu. Msaidizi afaaye ni yule ambaye familia inaweza kuzilipia saa zake zote kihalali, na mara kipimo hicho kinapotumika, jibu huwa tofauti na lile lililozoeleka.

Asili ya mazoea ya sasa

Wazo kwamba kazi za nyumbani za malipo ni za msichana si la kale kama inavyodhaniwa. Katika enzi za ukoloni, Tanganyika na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, mpishi, dobi na mtumishi wa ndani aliyeitwa boi kwa kawaida walikuwa wanaume, kwa kuwa wao ndio waliotoka vijijini kutafuta fedha ya kodi na mahari, huku wanawake wakibaki na mashamba. Mtafiti Janet Bujra, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu ajira hii nchini Tanzania, na Karen Tranberg Hansen, aliyechunguza Zambia ya miaka ya 1900 hadi 1985, wote wanaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ya kiume kwa muda mrefu, na kwamba wanawake walipoingia, mara nyingi waliingia kwa kulipwa kidogo zaidi. Kwa maneno mengine, kazi hii ilielekea mikononi mwa mabinti kwa sababu za gharama, wakati tabaka jipya la waajiri wa kipato cha kati lilipohitaji huduma ambayo halikuweza kuilipia kwa viwango vya awali.

Mkondo wa pili wa mazoea ya sasa ni ule wa mtoto kulelewa na ndugu. Katika jamii za Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na majirani zao, kama ilivyo kwingi nchini, mtoto kwenda kukaa kwa mjomba au dada mkubwa mjini lilikuwa tendo la udugu lililobeba wajibu pande zote mbili: mtoto alisaidia kazi, mwenyeji akamsomesha na kumwozesha. Mikondo hii miwili ilipokutana, ilizaa mahusiano ya katikati, ambapo binti huitwa mtoto wa nyumbani inapofika zamu ya kulipwa na huitwa mfanyakazi inapofika zamu ya kupumzika. Utata huo ndio mzizi wa malalamiko mengi ya pande zote mbili.

Aina za wasaidizi na mipaka yake

Aina ya kwanza, na iliyoenea kuliko zote, ni msaidizi anayeishi na familia, ambaye kwa lugha ya kila siku huitwa dada wa kazi au hausigeli. Faida yake ni kwamba yupo alfajiri wazazi wanapoondoka na yupo usiku wanapochelewa. Tena hahitaji nauli wala chumba cha kupanga. Hata hivyo kuwepo kwake muda wote ndiko kunakofuta mpaka kati ya kazi na mapumziko, hasa katika nyumba za kupanga za vyumba viwili, ambamo hulala sebuleni au pamoja na watoto, hivyo siku yake haiwezi kuisha kabla ya mgeni wa mwisho kuondoka. Aina hii inaifaa familia yenye watoto wadogo, saa zisizotabirika na, jambo linalosahauliwa, mahali pa kumlaza mtu mzima kwa staha. Familia isiyo na nafasi hiyo humwingiza mgeni ndani ya faragha yake na humnyima mgeni huyo faragha ya kwake.

Aina ya pili ni msaidizi wa kutwa, anayefika asubuhi na kuondoka jioni kurudi kwake. Kwa kawaida huyu ni mwanamke mzima, mara nyingi mwenye watoto, anayeishi katika mitaa ileile ya mji na ambaye amekwisha kupata uzoefu wa malezi katika nyumba yake mwenyewe. Ujira wake ni mkubwa zaidi, lakini familia hailipii malazi, na siku ya kazi ina mwanzo na mwisho unaojulikana na kila mtu. Udhaifu wake uko pembezoni mwa siku: hawezi kufika saa kumi na moja alfajiri wala kungoja mpaka saa tatu usiku bila kuhatarisha usalama wake njiani na bila kuwaacha watoto wake kama waajiri wake walivyowaacha wao. Anaifaa familia ambayo angalau mzazi mmoja ana saa za ofisi, kama zilivyo kaya nyingi za watumishi wa umma huko Vwawa.

Aina ya tatu ni kibarua wa kazi maalumu, anayelipwa kwa kazi au kwa siku. Mama anayekuja kufua mara mbili kwa wiki, kijana anayeleta maji kwa mkokoteni, mlinzi wa usiku na mtu wa bustani wote wamo humu. Umuhimu wake Tunduma ni mkubwa kuliko unavyokiriwa, kwa sababu kazi mbili zinazokula saa nyingi zaidi katika nyumba nyingi ni kufua na kutafuta maji, hasa katika mji ambao uhaba wa maji umeusumbua kwa miaka mingi. Familia inayomtoa msaidizi wake katika kazi hizo mbili kwa kuwalipa vibarua hugundua kwamba kazi iliyobaki, yaani kupika, usafi wa kawaida na kuwapokea watoto, inaweza kuenea ndani ya siku ya kawaida ya mtu mmoja. Aina hii pia inazifaa kaya zisizo na watoto wadogo, ambazo zimeajiri msaidizi wa kudumu kwa sababu tu majirani wanaye.

Aina ya nne ni mlezi wa mtoto, au yaya, ambaye kazi yake ya msingi ni mtoto wala si nyumba. Kuitenga aina hii na ya kwanza kuna sababu nzito. Songwe ni mkoa wa mahindi, mpunga, maharage na kahawa, lakini umekuwa ukitajwa miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye tatizo kubwa la udumavu, yaani hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kutokana na lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara. Chakula kuwepo ghalani hakutoshi. Mtoto wa mwaka mmoja hulishwa mara kadhaa kwa siku, kwa uji ulioboreshwa na mboga zilizopondwa, na mtu mwenye subira ya kumngoja ameze. Msaidizi aliyeachiwa ndoo kumi za nguo, sakafu na chungu cha maharage jikoni hulazimika kumpa mtoto kile kinachopikika upesi. Familia yenye mtoto wa chini ya miaka miwili ikiweza kulipia mtu mmoja tu, busara ni kumlipia mlezi, na kazi nyingine zigawanywe au zisubiri.

Aina ya tano ni ndugu: mama mzazi wa mmojawapo wa wanandoa, shangazi mjane au mdogo wa kike aliyemaliza shule. Imani iliyopo kati ya ndugu haina mbadala, na bibi huwapa wajukuu lugha na desturi ambazo msaidizi wa kuajiriwa hana wajibu wa kuzitoa. Lakini ndugu asiyelipwa ana gharama ambazo hazionekani kwenye daftari. Bibi ana umri na maumivu yake, na msimu wa kilimo unapofika huwa na shamba linalomwita. Mdogo wa kike ana maisha ya kuanza, na kila mwaka anaoutumia kulea watoto wa dada yake bila ujira ni mwaka asiojifunza ufundi wala kuweka akiba. Ndugu anayefanya kazi ya kutwa nzima astahili malipo yaliyotamkwa wazi, hata kama yatatolewa kwa sura ya ada ya chuo cha ufundi au mtaji wa biashara, ili udugu usigeuzwe kuwa njia ya kukwepa ujira.

Aina ya sita haiko ndani ya nyumba kabisa: ni kituo cha kulelea watoto wadogo mchana na darasa la elimu ya awali. Vituo hivi husimamiwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na vinatakiwa kusajiliwa na mamlaka za ustawi wa jamii. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyoanza mwaka wa fedha 2021/22, ilivipa msukumo zaidi kwa kuviona kama sehemu ya maendeleo ya mtoto, pamoja na kumpunguzia mzazi mzigo. Kituo humpa mtoto wenzake wa kucheza nao na macho ya watu wazima zaidi ya mmoja. Hata hivyo hakipokei mtoto mgonjwa, hufunga jioni mapema kuliko biashara ya mpakani, na hakifui nguo. Njia ambayo baadhi ya wazazi wenye shughuli nyingi waliitegemea, ya kumpeleka mtoto mdogo shule ya bweni, ilibanwa mwaka 2023 serikali ilipozuia huduma ya bweni kwa wanafunzi wa awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba mtoto wa umri huo anahitaji malezi ya familia. Zuio hilo lilirudisha nyumbani swali ambalo familia hizo zilidhani zimelimaliza.

Sheria na hesabu ya saa

Mwajiri wa nyumbani ni mwajiri kamili mbele ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumwacha nje msaidizi wa nyumbani: saa za kawaida za kazi haziwezi kuzidi 45 kwa wiki wala siku za kazi kuzidi 6, kazi ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha saa, mapumziko ya wiki ni saa 24 mfululizo, na likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Anayeishi mahali pa kazi anaweza, kwa makubaliano ya maandishi, kupunguziwa mapumziko ya kila siku kutoka saa 12 hadi 8, lakini hayawezi kufutwa. Likizo ya uzazi ya siku 84 inamhusu pia, na ujauzito si sababu halali ya kumwachisha kazi.

Kuhusu ujira, Amri ya Mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliwagawa wasaidizi wa nyumbani katika makundi manne: shilingi 250,000 kwa mwezi kwa wanaoajiriwa na wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa, 200,000 kwa wanaoajiriwa na maofisa wenye stahiki, 120,000 kwa wasioishi kwa mwajiri, na 60,000 kwa wanaoishi kwake. Amri mpya iliyotangazwa Oktoba 2025, ya kuanza Januari 2026, ilipandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4, hivyo mwajiri wa sasa hana budi kuuliza kiwango kipya katika ofisi ya kazi. Viwango vya awali vinabaki kuwa na manufaa ya kuonyesha hesabu. Wiki ya saa 45 ni sawa na saa 195 kwa mwezi, kwa hiyo anayelipwa 60,000 hupata takribani shilingi 308 kwa saa pamoja na chakula na malazi. Iwapo anafanya kazi saa 14 kwa siku katika siku 26 za mwezi, saa zake ni 364, na ujira unashuka hadi shilingi 165 kwa saa. Msaidizi wa kutwa mwenye 120,000 kwa saa 195 hupata takribani 615. Tofauti kati ya 308 na 615 inaweza kutetewa kwa thamani ya chakula na kitanda; tofauti kati ya 308 na 165 haitetewi na chochote, kwani inatokana na saa zilizochukuliwa bure.

Mgawanyo huo wa makundi una funzo jingine kwa mji wa biashara. Mwenye malori kadhaa na maghala ya mazao anayemlipa msaidizi wake kiwango cha kundi la mwisho hujiona ametimiza sheria, wakati huenda yeye mwenyewe anahesabika miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa, ambao kiwango chao katika amri ya 2023 kilikuwa zaidi ya mara nne ya hicho.

Umri ndio mpaka mwingine usiopaswa kuvukwa. Sheria hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefika umri huo lakini hajatimiza 18 huruhusiwa kazi nyepesi tu isiyodhuru afya, makuzi na masomo yake. Tena Sheria ya Mtoto inakataza kumfanyisha kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kuwa thamani kubwa ya msaidizi anayeishi na familia iko hasa katika alfajiri na usiku, binti wa miaka 15 hawezi kuifanya kazi hiyo kihalali hata akilipwa vizuri. Elimumsingi bila ada, iliyoanza mwaka 2016 na kufikia kidato cha nne, imeondoa pia kisingizio kwamba binti huyo hana pengine pa kwenda.

Namna ya kuchagua

Uchaguzi wenye mantiki huanza kwa orodha ya mapengo. Familia inaandika siku ya kawaida kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, inaonyesha kila mwanakaya yuko wapi, kisha inatazama saa ambazo mtoto, mgonjwa au nyumba yenyewe haina mtu. Katika kaya nyingi mapengo huwa machache kuliko ilivyodhaniwa lakini yamekaa vibaya: saa mbili za alfajiri, mchana baada ya wanafunzi wa awali kutoka, na saa mbili za jioni. Hatua ya pili ni kuzitenga kazi zinazohitaji mtu awepo, kama kumlinda mtoto, na zile zinazohitaji tu zikamilike, kama kufua. Za kundi la pili zinaweza kupewa kibarua siku yoyote, na hazipaswi kuamua aina ya msaidizi.

Hatua ya tatu, ambayo familia nyingi huiruka, ni kugawa upya kazi kati ya wenye nyumba. Baba anayerudi saa kumi jioni akiwa na uwezo wa kuwaogesha watoto, au kijana wa sekondari anayeweza kuosha vyombo na kupiga pasi sare yake, huziba pengo ambalo vinginevyo lingelipiwa kwa saa za ziada za mtu mwingine. Mara nyingi msaidizi huajiriwa ili kazi hizo ziendelee kuepukwa na wale wanaoweza kuzifanya, na historia ya wapishi na madobi wa kiume inatosha kukanusha dai kwamba mikono yao haikuumbiwa jiko.

Baada ya hatua hizo tatu, aina hujitokeza yenyewe. Wauza duka wawili wenye mtoto wa miezi minane na duka linalofungwa usiku wanahitaji mlezi mtu mzima anayeishi nao, na mama wa kufua mara mbili kwa wiki. Mwalimu wa Mlowo aliyeolewa na dereva wa masafa marefu, mwenye watoto wa miaka minne na saba, anaweza kutosheka na kituo cha mchana pamoja na msaidizi wa nusu siku anayewapokea watoto na kupika. Wastaafu wawili wa Vwawa wenye nyumba kubwa wanahitaji kibarua wa bustani na usafi kwa siku chache. Familia ambayo hesabu yake inaonyesha inamhitaji mtu wa kudumu lakini haiwezi kumlipa kima cha chini inapaswa kukubali kwamba haiwezi kuwa na mtu huyo; inachoweza kufanya ni kupunguza saa zake, kushirikiana na jirani kumlipa mlezi mmoja wa watoto wa nyumba mbili, au kubadili zamu za wazazi.

Kumpata, kupatana na kuachana

Katika Songwe wasaidizi wengi hupatikana kwa njia ya ndugu, waumini wenza na madalali. Vijiji vya Ileje, Momba na Mbozi, pamoja na mikoa ya Rukwa, Mbeya na Njombe, hupeleka mabinti mjini kwa wingi, na upatikanaji wao hufuata kalenda ya shamba: msimu wa kupanda na mavuno ya kahawa huwarudisha kijijini, na sikukuu za Desemba ni wakati ambapo wengi huondoka wasirudi. Familia inayojua hilo hupanga likizo ya msaidizi wake katika majira hayo na kuandaa mtu wa muda, badala ya kumzuilia mshahara ili asiondoke. Dalali anayechukua fedha pande zote mbili bila kumjulisha mwajiri jina la kijiji wala mzazi wa binti ni wa kuepukwa, kwa sababu kumsafirisha mtu kwa udanganyifu ili atumikishwe kunaweza kuangukia Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu. Barua ya mtendaji wa kijiji, kitambulisho na mazungumzo ya simu na wazazi ni mambo yanayowalinda mwajiri na mwajiriwa kwa pamoja.

Mpaka huongeza suala la pekee. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili, wanasikilizana lugha na wanaoleana, hivyo kumchukua binti kutoka Nakonde huonekana kama kumchukua kutoka mtaa wa pili. Udugu huo hauondoi matakwa ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, ambayo humtaka asiye raia awe na kibali cha kazi. Na msaidizi asiye na kibali hujikuta hawezi kudai mshahara wake bila kuogopa kurudishwa kwao, hali inayomfanya anyonyeke kwa urahisi.

Mapatano yanapaswa kuandikwa, kama sheria inavyotaka, yakitaja umri, mahali alikotolewa, kazi, saa na ujira, na yasomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma. Mshahara ni wake na hulipwa mkononi mwake au katika akaunti aliyoichagua. Ikiwa anataka sehemu ipelekwe kwa mama yake kijijini, huo ni uamuzi wake. Anayelipwa kwa mwezi akiachishwa hupewa taarifa ya siku 28 na nauli ya kumrudisha alikoajiriwa. Ugomvi ukishindikana nyumbani unaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na chama cha wafanyakazi cha CHODAWU, ambacho wigo wake unajumuisha wafanyakazi wa majumbani, kinaweza kumsaidia mwanachama wake. Kwa ukatili dhidi ya mtoto, awe wa mwajiri au aliyeajiriwa kinyume cha sheria, zipo namba ya simu 116 na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Hofu ya wazazi kuhusu usalama wa watoto wao ni ya haki, lakini tiba yake haipatikani katika kuwabadilisha wasaidizi kila baada ya miezi mitatu. Mtoto anayebadilishiwa mlezi mara kwa mara hujifunza kutomzoea yeyote, na mwajiri hubaki na mtu asiyemjua kila wakati. Msaidizi anayekaa miaka miwili, ambaye tabia zake zimeonekana na ambaye ana jambo la kupoteza akiharibu, ni kinga imara kuliko vitisho. Na kinachomfanya akae ni mshahara unaofika kwa tarehe, siku ya mapumziko isiyovunjwa, na heshima ya watoto wanaofundishwa kumwita dada au mama na kumwamkia asubuhi kama wanavyowaamkia wakubwa wengine.

Hitimisho

Kwa muhtasari, familia za Tunduma zinahitaji msaada kwa sababu za kweli, zinazotokana na umbali wa ndugu na biashara isiyo na saa. Kosa liko katika kuchukulia aina moja ya msaidizi, binti mdogo anayeishi ndani na kufanya kila kitu, kuwa ndiyo maana nzima ya msaada. Aina hiyo imeonekana nafuu kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama yake hulipwa na binti mwenyewe, kwa usingizi, masomo na miaka yake. Elimu bila ada inapowabakiza mabinti darasani kwa muda mrefu zaidi na amri za mishahara zinapopanda, unafuu huo unazidi kupungua, na familia zitakazopata shida kidogo ni zile zilizojifunza mapema kuchanganya njia: msaidizi mtu mzima kwa saa zilizokubaliwa, kibarua kwa kazi nzito, kituo kwa mtoto aliyefika umri, na wenye nyumba wenyewe kwa sehemu iliyobaki. Halmashauri nayo inaweza kuwasaidia wakazi wake kwa kusogeza maji karibu na kuhimiza vituo vya mchana vinavyofuata saa za soko la mpakani, kwani kila saa inayookolewa kwenye bomba au kituoni ni saa moja ambayo familia haitalazimika kumtafutia mtu.